Kipimo Kilichosinzia

Jumanne, 14 Oktoba

Leo nimeifunga kompyuta ya kupimia mahindi mpaka ikatii, na nimeridhika nayo kuliko nilivyoridhika na binadamu yeyote mwezi huu.

Niandike kwa utaratibu, maana nisipoandika nasahau. Ghala letu la ushirika liko kando ya barabara ya kwenda Moi's Bridge, ukishaiacha Eldoret mgongoni. Mkulima akifika na magunia, wapakuzi wanachoma gunia kwa chuma chenye mfereji, wanatoa punje na kuzitia kwenye bati dogo. Bati linaletwa dirishani kwa Mama Cherono. Yeye anazimimina kwenye kipimo cha unyevu, anabonyeza kitufe, na kipimo kinapeleka namba kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Ikiwa asilimia kumi na tatu na nusu kushuka chini, mahindi yanaingia ghalani. Ikizidi, yanarudi nyumbani kuanikwa tena, kwa sababu mashine yetu ya kukaushia ilikufa mwaka jana na hakuna aliyeizika wala kuifufua.

Nimefanya mambo mawili, yote ndani ya kernel, yaani kile kiini cha mfumo kinachoamua kifaa gani kiongee na kipi kinyamaze. Kwanza nimekiamuru kikatae kifaa chochote cha USB ambacho si kipimo. Mama Cherono ana tabia ya kuwachajia wakulima simu kwenye kompyuta ya kazi, na kila simu inakuja na uchafu wake. Pili, kwa kuwa stima inapotea kila siku na tunaponea betri, nimeongeza mstari mmoja kwenye mipangilio ya kuwasha: usbcore.autosuspend=60. Maana yake kifaa kikikaa kimya dakika moja, kinalazwa ili kisile umeme. Kikiitwa, kinaamka. Leo betri imefika jioni.

Meneja Kituyi amesema kazi nzuri. Mama Cherono ameuliza simu za wazee zitachajiwa wapi sasa. Nimemwambia hapa si kwa kinyozi wanakochaji simu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua. Oktoba hii inatuchezea. Foleni imefika lango.

Jumanne, 21 Oktoba

Mkataba wangu ni wa msimu mmoja, na kila asubuhi nikivuka matope ya mtaa wangu wa Pioneer nahesabu kwamba mguu mmoja uko ndani na mwingine umeshatoka. Sikai mahali nikatulia. Mama alisema nilizaliwa nikiwa njiani, na hakuwa akitania.

Labda ndiyo sababu Mama Cherono ananichosha. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, sweta ya kijani, kikombe chake mwenyewe cha chai ambacho hakuna mwingine anayekigusa. Mtu anayemfahamu akifika dirishani, bati linawekwa kando na mikono inashikana. Habari za watoto. Habari za ng'ombe aliyekuwa na homa. Habari za yule aliyelazwa, na mvua ya upande wa kwao. Akimaliza kuuliza, anaulizwa yeye. Ndipo bati linakumbukwa. Asiyemfahamu anaambiwa "habari yako, leta bati", na kufumba na kufumbua amemalizwa.

Salamu yangu mimi ni "sema", basi. Nimemkumbusha leo kwamba watu wananyeshewa. Hakukasirika. Aliniambia, "Mtu si gunia, Edinah. Gunia ndiyo unapima bila kusalimia."

Kitu kimoja namsifu. Kila akitoka kwenye chai, anapitisha kwanza bati la majaribio kabla ya kupima la mtu. Walimfundisha hivyo alipoajiriwa, na haruki hata siku moja.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mzee Kipyego amerudishwa na trela nzima. Kipimo kilisema kumi na saba. Alitafuna punje mbele ya dirisha, zikalia kama changarawe, akauliza mahindi mabichi yanaliaje hivyo. Kila mkulima ana meno yake ya ushahidi. Mama Cherono alitaka kurudia kupima, kwa kuwa ni mzee wa kanisa lake na wametoka kuulizana habari za wajukuu wote mmoja mmoja. Nikakataa. Sheria ni mara moja. Tukimrudia mmoja, kesho foleni nzima itataka kurudiwa.

Mzee alifunga turubai yake, isiyofika mwisho wa trela, akaondoka mvuani.

Jumanne, 28 Oktoba

Paa linavuja. Nimehamisha kitanda mara mbili. Stima hakuna.

Jumatatu, 3 Novemba

Leo asubuhi Kituyi alitumbukiza mkono kwenye gunia moja katikati ya ghala akautoa haraka. Mahindi yalikuwa moto. Tulipolifungua, harufu ikatupiga, harufu ya uji uliochacha, na punje zilikuwa zimeanza kuota ukungu wa kijani. Tumepangua safu nzima. Mahindi mabichi yaliingia yakachemka, yakaharibu na ya majirani zao.

Magunia yenyewe ni ya watu wawili, wote walipimwa na kupata chini ya kumi na tatu. Wote wawili wanamfahamu Mama Cherono. Mmoja ni jirani yake.

Kabla ya saa sita neno lilikuwa limefika nje ya lango: anapitisha watu wake. Mji huu una kumbukumbu ndefu ya vita vya makabila, na maneno ya "watu wake" hayachezewi hapa. Niliwaona wakulima wawili waliokuwa wakigawana mahindi ya kuchoma asubuhi wakisimama kila mmoja upande wake wa trekta.

Jumanne, 4 Novemba

Mkutano ulifanyika uwanjani, wanakamati wakiwa kwenye viti na wakulima wamesimama. Kituyi hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoufanya mkutano uwe mbaya zaidi. Alimuuliza Mama Cherono kwa upole ilikuwaje. Mama akasema alimimina, akabonyeza, akaandika alichokiona. Akaulizwa kama aliwajua wenye magunia. Akasema ndiyo, anawajua tangu wakiwa vijana, na hawezi kukana watu kwa sababu ya mahindi.

Kisha wakanigeukia mimi. Mwanakamati mmoja akauliza kama kipimo kinaweza kukosea. Nilikuwa nimechoka, nina baridi, na nilijivunia ile kompyuta.

"Mashine haina ndugu," nikasema.

Watu waliguna kwa kukubali. Niliona neno langu likimwingia Mama Cherono, nikaangalia pembeni. Wamempa onyo. Kituyi ameazima kipimo cha mkononi kutoka kwa msagaji mmoja mjini, nami nimepewa kazi ya kuhakikisha namba zote mbili zinakubaliana.

Ijumaa, 7 Novemba

Zinakubaliana.

Jumatatu, 10 Novemba

Mama Cherono ameacha kusalimia. Anaogopa. Mtu akinyoosha mkono, anaambiwa "leta bati", hata mzee, hata mama aliyebeba mtoto. Wengine wamebaki na mkono hewani. Foleni inakimbia kama maji, na tangu Jumatano iliyopita kipimo chetu na kile cha mkononi havijatofautiana hata kidogo.

Kituyi alinivuta kando. "Umeona? Tangu tumwambie tunamwatch, amekuwa malaika."

Nilisema nimeona. Na kweli niliona hivyo.

Jumatano, 12 Novemba

Wamemsimamisha kazi. Ushahidi, walisema, ni kwamba akiangaliwa hakosei. Alikunja sweta, akachukua kikombe chake, akapita katikati ya foleni bila kumwambia mtu kwaheri. Anakwenda kwa binti yake Timboroa.

Kitu kimoja kinanikwaruza. Ikiwa alikuwa anapendelea watu wake, mbona Mzee Kipyego alirudishwa? Labda waligombana kanisani. Labda alikuwa anajifunika. Nimezunguka chumba hiki nikitafuta labda nyingine.

Ijumaa, 14 Novemba

Dirishani sasa yuko Waweru, kijana aliyeletwa kutoka mjini. Hajui mtu wala hataki kujua. Foleni inaisha saa tisa. Nilipaswa kufurahi.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua tena. Nimeomba kazi Nakuru. Kituyi amerudisha kile kipimo cha mkononi kwa mwenyewe. Anasema hatukihitaji tena.

Jumamosi, 22 Novemba

Baba amekuja.

Sikujua kama angekuja. Mzee Wabuge hapigi simu kusema anakuja, anakuja tu, kisha anashangaa kwamba hukupika. Nilimwona akishuka kwenye pikapu ya kukodi, koti lake la Jumapili juu ya gumbuti, na magunia ya kwetu Moi's Bridge nyuma yake. Bati lake lilifika dirishani kabla yake. Mbele yake alikuwa mama mmoja aliyekuwa amerudishwa kwa namba kumi na nane nukta nne, bado amesimama pale anabishana.

Nilitoka nikampokea baba pale pale kando ya dirisha. Mtoto hawezi kumpita baba yake na "sema". Alinishika mkono kwa mikono miwili. Mulembe, salamu ya kwetu. Habari ya kazi, habari ya afya, mbona nimekonda, kanisa naenda au sijui naenda wapi. Nami nikauliza ya mama, ya ndama, ya shangazi wa Kimilili na mguu wake. Waweru alisubiri na bati mkononi. Hata yeye aliona si adabu kumkatiza mzee wa watu anapoongea na binti yake.

Baba alipomaliza, Waweru alimimina na kubonyeza. Kumi na nane nukta nne.

Baba alinitazama. Nayajua mahindi yale. Mama aliyaanika wiki tatu, akawa anayaingiza kila wingu likionekana, na alinitumia video yake akiyachota kwa kiganja ili nisikie yanavyolia.

Nikamwambia Waweru arudie.

"Si ulisema ni once tu?"

"Rudia."

Kumi na mbili nukta tisa.

Waweru hamjui baba yangu. Hakuwa na sababu ya kumwonea, wala ya kumpendelea yule mama. Namba ya kwanza ilikuwa ya yule mama, nukta kwa nukta.

Watu walipotoka nilibaki na mabati mawili, moja la mahindi mabichi na moja la makavu. Nilipima bichi. Nikapima kavu papo hapo: sawa. Nikapima bichi tena, kisha nikakaa kimya kiasi cha salamu moja nzuri ya watu wazima, nikapima kavu. Kipimo kikanipa namba ya bichi. Nikarudia mpaka nikachoka kutumaini. Kumbukumbu za mfumo zilikuwa wazi kabisa kwa mtu yeyote ambaye angejisumbua kuzitazama: kifaa kimelazwa, kifaa kimeamshwa, na kila kinapoamshwa kinatema kwanza namba iliyobaki mdomoni. Kama mwanafunzi aliyesinzia darasani: ukimshtua anajibu swali lililopita.

Baada ya chai hakukuwa na kosa, kwa sababu bati la majaribio lilimeza ile namba ya zamani. Wageni hawakupata kosa, kwa sababu hawakusalimiwa. Waliokosewa ni wale ambao Mama Cherono aliwashika mkono, wengine wakapita na mahindi mabichi, wengine wakarudishwa na makavu. Alipoacha kusalimia, kipimo hakikupata nafasi ya kulala, na sisi tukaita hiyo toba.

Kilichokilaza kipimo ni mstari wangu. Baba alilala kwangu Pioneer, akanisikia nikizunguka, akaniuliza nimepoteza nini.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimeondoa ile sitini, nimeweka -1. Kwa lugha ya kernel maana yake ni usilale kamwe. Nimeandika pia kanuni ya kipimo peke yake, ili hata mtu akija kuubadilisha mfumo, chenyewe kibaki macho. Kazi yenyewe ilikuwa ya muda wa kunywa chai. Mstari mmoja ulimwondoa mtu, na mstari mmoja haumrudishi.

Kituyi alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta uso kwa kiganja. Si mtu mbaya. Alisema tumpigie Mama Cherono simu arudi kazini, tusiamshe yaliyolala. Nilimwambia hakuondolewa kwa simu. Tulivutana. Mwishowe akasema niende mimi kwanza nikaone moyo wake uko wapi.

Jumamosi, 29 Novemba

Timboroa ina baridi isiyo na haya. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya viazi mpaka saa nne. Mama Cherono alinikaribisha, akanipa kiti na chai, akakaa. Hakuuliza kitu.

Basi nikajaribu mimi. Nikauliza habari za binti, za baridi, za ng'ombe, nikakumbuka ni mbuzi, nikauliza za viazi mara mbili. Aliniacha nihangaike. Nadhani alifurahia kidogo, na alistahili.

Kisha nikamweleza yote, kwa maneno ya kawaida, na nikasema aliyeandika ule mstari ni mimi. Alikaa na kikombe chake mkononi, kile kile.

"Kwa hivyo nilipoacha kusalimia watu," akasema, "ndiyo ikaonekana nimeacha kuiba."

Nikasema ndiyo.

"Na wewe ndiye ulisema mashine haina ndugu."

Nikasema ni mimi. Nilitamani anigombeze. Alimimina chai iliyopoa nje ya mlango, akaniambia kazi si kitu, angeweza kulima viazi mpaka afe. Lakini kuna watu wa kanisa lake wanaopita wakijifanya hawajamwona. "Walinisema mbele ya watu. Waseme mbele ya watu."

Jumanne, 2 Desemba

Uwanja ulijaa. Kituyi alisimama akasema ukweli, na namheshimu kwa hilo, ila alipofika kwenye neno kernel niliona nyuso zikifungika. Mtu mmoja nyuma akasema watu wa kompyuta hawakosi hadithi. Wengine wakacheka. Mama Cherono alikuwa amesimama kando ya dirisha na sweta yake ya kijani kama mtu anayesubiri kuitwa hospitali.

Nikaomba tuonyeshe. Nilikirudishia kipimo ruhusa ya kulala, kama zamani. Waweru akapima bati la mahindi mabichi, akaisoma namba kwa sauti: kumi na tisa nukta sita. Halafu Mzee Kipyego, ambaye alikuwa ameombwa alete yake makavu, akasogea na bati. Nilimwambia Mama Cherono amsalimie kama alivyokuwa akisalimia, kisha apime.

"Habari yako Mzee. Leta bati."

Ilimtoka hivyo hivyo. Alimimina, akabonyeza. Kumi na mbili nukta sita, sawa kabisa. Mguno ukapita uwanjani. Mashine ni nzima, basi. Mama Cherono aliangalia mikono yake, nami nikaelewa tulichomfanyia, maana nilikuwa naweza kurekebisha kipimo lakini hili sikujua linarekebishwa wapi.

Nikaomba turudie. Waweru akapima bichi tena. Kumi na tisa nukta sita. Mama akanyoosha mkono kupokea bati, na Mzee Kipyego hakumpa. Aliliweka kwapani akautoa mkono mtupu.

"Chamgei, Cherono," akamwamkia kwa Kikalenjin.

Aliushika, kwa sababu huwezi kuuacha mkono wa mzee hewani mbele ya watu. Mzee akamuuliza habari ya Timboroa. Mama akajibu nzuri. Akamuuliza kama goti lake linastahimili ile baridi. Akajibu linauma asubuhi. Akamuuliza nani anampikia, na wajukuu wanamwitaje, na kama viazi vimepatwa na ugonjwa mwaka huu. Majibu yakaanza kurefuka. Kisha Mama mwenyewe akauliza, kwa sauti ndogo, yale mahindi ya trela yaliishia wapi siku ile. Mzee akasema nusu yalioza njiani na uani. Mama Cherono akaweka mkono wake wa pili juu ya wa mzee. Wakasimama hivyo. Hakuna mtu uwanja mzima aliyesema foleni ni ndefu.

Ndipo akapokea bati, akamimina, akabonyeza. Waweru akasogea, akasoma.

"Kumi na tisa nukta sita."

Mahindi yale yale makavu. Yule aliyesema tuna hadithi alivua kofia. Nilikifunga kipimo kisilale tena, yakapimwa mara ya mwisho, kumi na mbili nukta sita, lakini sidhani wengi walikuwa bado wanatazama namba. Walikuwa wanapanga mstari kumsalimia. Nililia, na sikujificha.

Alhamisi, 11 Desemba

Nakuru wameniita. Sijawajibu.

Jua limetoka wiki nzima. Nimeweka kigawi cha umeme chenye matundu mengi nje ya dirisha kwa simu za wazee, mbali na kompyuta. Foleni imetoka nje ya lango mpaka barabarani, na Mama Cherono amemshika mkono mama mmoja wa Moi's Bridge. Wamemaliza watoto, sasa wamefika kwa ng'ombe. Kituyi amenitazama ili niseme kitu. Nimejifanya naangalia waya.